Kibao cha Shingoni

Mama yake aliitwa Honi, na aliyeingia chumba cha kufulia cha hospitali ile hakuhitaji kuuliza kwa nini. Mashine saba za kufua zilinguruma kwa pamoja, ile ya kukamua ikatetemeka kama mtu mwenye homa, mvuke ukatanda hadi darini, na juu ya ghasia zote hizo sauti ya mwanamke mmoja ilikata ukumbi kutoka mlango hadi mlango.

"Mashuka ya wodi ya watoto yako wapi? Nani kayachanganya na ya upasuaji? Na wewe Mpiga Pasi, unapiga pasi au unaibembeleza ilale?"

Wenzake walicheka, kazi ikaenda. Ukutani palikuwa na kengele ya kubadilishia zamu. Ilipoharibika, msimamizi hakuhangaika kuita fundi. Kengele ya nini, na Honi yupo?

Honi hakujua kusoma. Alitofautisha magunia ya wodi kwa rangi za kamba, na katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kukosea gunia. Alikuwa na mtoto mmoja, binti, ambaye alimlea ndani ya kikapu cha nguo safi kilichosukumwa kando ya mashine. Mtoto huyo alipofika miaka minne aliweza kuiga mlio wa kila mashine, kikohozi cha msimamizi, hata mwendo wa ndala za Mpiga Pasi kwenye sakafu iliyolowa. Wakamwita Kasuku. Mama yake aliwaambia wote, watake wasitake: "Huyu, mdomo wake utamfikisha mbali."

Na ulimfikisha. Kasuku alipoingia chuoni aliongeza somo la Kichina juu ya masomo yake mengine, na ile lugha ikamkaa mdomoni kana kwamba ilikuwa ikimsubiri. Silabi moja inayoweza kupandishwa, kushushwa, kukunjwa au kunyooshwa na kila mara ikawa neno jingine, kwa wenzake ilikuwa mateso. Kwake ilikuwa mashine nyingine ya kuiga. Mwaka wa tatu, wanafunzi kumi na mmoja kutoka vyuo mbalimbali walichaguliwa kwenda kukaa wiki nane za kiangazi huko kwa wenye lugha, wajifunze maneno na utamaduni. Waliambiwa pia kwamba mmoja kati yao, mmoja tu, atabakiziwa nafasi ya kurudi kusoma mwaka mzima, na baada ya mwaka huo mlango wa shahada ungekuwa wazi. Kasuku aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Siku ya kuondoka, Honi alimsindikiza hadi uwanja wa ndege akiwa na gauni lake la kazini, maana ruhusa aliyopewa ilikuwa ya saa mbili. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa mwezi mzima.

"Mama, nenda ukaonwe hilo koo."

"Mimi nashinda hospitali kutwa, nionwe mara ngapi? Ni sabuni tu. We nenda, kalete hicho Kichina. Na Jumamosi usiponipigia, nitapiga kelele huku mpaka unisikie huko."

"Nitakusikia, mama."

Mahali walipofikia palikuwa na ua wa saruji, miti iliyopandwa kwa mstari, na bweni la ghorofa nne lenye korido ndefu iliyonuka rangi mbichi. Mwalimu wao alikuwa mama wa makamo aliyetembea na chupa ya maji ya moto kwapani kama aliyebeba mtoto. Siku ya kwanza aliwapa karatasi ya ahadi waitie sahihi: kwa wiki nane wataongea Kichina tu, darasani na nje ya darasa.

"Mkisahau si neno," alisema, akitabasamu. "Atakayesahau atatuimbia wimbo."

Basi. Hiyo ndiyo adhabu aliyoitaka: wimbo.

Lakini katika wale kumi na mmoja alikuwemo kijana aliyewahi kuwa kiranja mkuu wa shule, na ukiranja haukuwa umemtoka, kama harufu ya kitunguu isivyotoka vidoleni. Wakaendelea kumwita Kiranja, naye akaitika. Jioni ileile aliwakusanya kwenye chumba cha mapumziko, akachomoa ubao wa chini wa droo iliyovunjika, akautoboa matundu mawili na kupitisha kamba ya kiatu. Siku iliyofuata, baada ya somo la kuandika kwa brashi na wino, aliuandika maneno mawili makubwa kwa mkono mzuri kweli: *Kumbuka ahadi.*

Hakuna aliyeuliza ni kitu gani. Walikijua kama mtu anavyolijua kovu lake. Katika shule zao za msingi, mtoto aliyenaswa akiongea lugha ya nyumbani alivikwa kibao kama hicho, akatembea nacho, akacheza nacho, akala nacho, na hakukivua mpaka amnase mwenzake na kumvika. Hivyo mwalimu hakuhitaji kupeleleza. Watoto walipelelezana wenyewe, na kengele ya jioni ilipolia, aliyekuwa nacho shingoni alikula fimbo.

"Hapa hakuna fimbo," Kiranja alisema. "Atakayekuwa nacho kengele ya chakula cha jioni ikilia, namtia doa kwenye karatasi ya mlangoni. Kila Ijumaa karatasi naipeleka kwa Mwalimu. Na ile nafasi moja, jamani, mnadhani itakwenda kwa mwenye madoadoa?"

Wangeweza kukataa. Walikuwa watu wazima kumi na mmoja, wenye vitambulisho vya kupigia kura, bahari na milima kati yao na mwalimu wa mwisho aliyewahi kuwachapa. Hakuna mgeni aliyewalazimisha, hakuna mwenyeji aliyejua. Walikipigia makofi. Ukimfunga mtu kamba muda mrefu, hata ukimfungua ataitafuta mwenyewe, ajifunge, kisha amfunge na jirani.

Kasuku alipangwa chumba kimoja na msichana waliyemwita Redio. Huyu alitoka naye chuo kimoja, na aliongea kama wengine wanavyopumua. Alikuwa akiamka anasimulia ndoto, akioga anaimba, akila anatangaza chakula. Kichina chake kilikuwa cha kuchechemea, lakini moyo wake ulikuwa mweupe. Usiku wa kwanza, kabla kibao hakijaanza kazi, alimpa Kasuku blanketi lake kwa kuwa la Kasuku lilikuwa jepesi. "Chukua, shoga, mimi mafuta ya mwili yanatosha."

Wiki moja baadaye Redio alikuwa amekivaa kibao siku tano kati ya saba. Neno lilimponyoka akijikwaa, likamponyoka akiungua na chai, likamponyoka akifurahi. Kila lilipomponyoka, kulikuwa na mtu karibu anayetaka kukivua kibao. Na mara nyingi mtu huyo alikuwa Kasuku.

Maana Kasuku aligundua kipaji kingine. Sikio linaloweza kuiga kila kitu linaweza pia kunasa kila kitu. Alisikia mnong'ono wa chooni, alisikia tusi lililomezwa nusu. Alijifunza kumtisha mtu kwa nyuma, kumkanyaga kidole kama bahati mbaya, kisha kusimama na kusubiri lugha ya nyumbani iruke yenyewe. Ikiruka, kibao kiko tayari.

Wiki ya nne, mchana mmoja, kibao kilikuwa kwake. Alikuwa amenaswa na Tai, kijana aliyevaa tai hata kwenye mazoezi ya viungo ya alfajiri, na ambaye ndiye pekee aliyekaribiana naye kwa madoa machache. Saa zilizobaki kabla ya kengele zilikuwa zinakwisha. Bweni zima lilikuwa limelala usingizi wa mchana. Kasuku alikaa kitandani akakitazama kibao kifuani mwake, kisha akamtazama Redio aliyelala chali, mdomo wazi.

Redio aligeuka, akanung'unika: "Nani kachukua ndoo yangu?"

Alikuwa ndotoni. Macho yamefumba, mate shavuni. Kasuku aliinuka, akakivua kibao, akakiweka taratibu juu ya kifua cha mwenzake na kuipitisha kamba kichwani. Redio alipoamka alikishika, akakitazama muda mrefu. Akafungua mdomo, akatafuta neno la Kichina la kusema alichotaka kusema, hakuwa nalo. Akafunga mdomo.

Kisa kile kilichekesha korido nzima. "Amenaswa akitafuta ndoo!" walisimuliana kwa Kichina, na Kichina cha kusimulia kisa hicho wote walikijua vizuri. Tangu siku hiyo Redio alilala na kitambaa amejifunga mdomoni. Blanketi lake Kasuku aliendelea kulitumia.

Palikuwa na tundu moja tu katika sheria: Jumamosi, saa nane hadi saa tisa mchana, kila mtu aliruhusiwa kupiga simu nyumbani kwa lugha yoyote. Simu ya Kasuku ilikuwa imekufa sikio, haisikiki mpaka uweke spika, kwa hiyo kila Jumamosi korido nzima ilimsikia Honi. Honi hakuwa na simu ya maana, alitumia ya Mpiga Pasi.

"Umekula?"

"Nimekula, mama. Koo vipi?"

"Aa, koo. Wamenipima, watanipima tena. Wanapenda kupima hawa. Hebu sema Kichina kidogo, nisikie."

"Saa hii nakipumzisha, mama! Nikirudi nitakusemea mpaka uchoke."

Jumamosi baada ya Jumamosi sauti ile iliisha kama kipande cha sabuni. Wiki ya tano ilikuwa mkwaruzo. Wiki ya sita ilikuwa mlango wenye kutu, na katikati ya sentensi Mpiga Pasi aliichukua simu akasema mama anapumzika, wanasubiri majibu ya daktari. Kasuku alisikia hilo. Alilisikia vizuri sana. Akalitia kapuni, kama mashuka yenye madoa yanayosubiri zamu yake, akarudi kuitazama karatasi ya mlangoni.

Karatasi ilisema hivi: Kasuku madoa mawili, Tai madoa mawili. Wengine walikuwa mbali nyuma. Redio alikuwa na kumi na tisa.

Tai alikuwa na mchumba nyumbani. Kila Jumamosi saa nane kasorobo alianza kunyoosha tai yake, na ikifika saa tisa na nusu alikuwa bado anatabasamu ukutani. Kasuku alilipima jambo hilo kama fundi anavyopima kitambaa. Mtu wa namna ile ukimnyima saa yake moja, hatamaliza siku tatu kabla hajajificha mahali na simu. Jumapili ya mwisho wa wiki ya sita, alisimama kwenye kikao cha wote na kwa Kichina safi, kilichonyooka kama shuka lililopigwa pasi, akapendekeza saa ya Jumamosi ifutwe kwa wiki mbili zilizobaki, na atakayenaswa akiongea lugha ya nyumbani kwenye simu atiwe doa papo hapo.

"Tusilegee mwishoni," alisema.

Kiranja alitikisa kichwa kwa kuridhika. Tai aliona mtego, lakini kuukataa kungekuwa kukiri udhaifu, akanyoosha mkono wa ndiyo. Redio peke yake alisimama kupinga. Alijikusanya, akasema maneno matatu aliyokuwa nayo: "Jumamosi... mama... mama."

Walicheka. Hata Kasuku alicheka. Kabla sheria haijaanza kazi, alimwandikia Mpiga Pasi ujumbe mfupi: *Mwambie mama nina mitihani, tutaongea nikimaliza.*

Tai alinaswa na simu mara moja wiki ile, nyuma ya ghala la mipira. Madoa matatu. Kasuku alibaki na mawili, na zikabaki siku tano.

Jumatano ya wiki ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, wanafunzi saba walikuwa koridoni wakining'iniza karatasi walizozikata maua na ndege kwa ajili ya sherehe ya Ijumaa. Redio alikuwa ameshika ngazi, kibao shingoni. Tai alikuwa juu ya ngazi. Simu ya Kasuku ikaita mfukoni.

Aliitoa, akaona jina la Mpiga Pasi. Korido nzima ilinyamaza. Hakikuwa kimya cha heshima. Kilikuwa kimya cha paka mbele ya tundu. Tai alishuka ngazi mbili. Kiranja alichomoa kalamu. Kama Kasuku angeacha iite, wangejua anaogopa, na angekwenda wapi ambako sikio la mtu lisingemfuata? Alijiambia: nitapokea, nitaongea Kichina, mama ataelewa kwamba niko darasani, Jumamosi nitampigia. Akabonyeza.

"Hallo? Kasuku?" Ile haikuwa sauti, ilikuwa upepo unaopita kwenye ufa. "Mwanangu?"

Kasuku alijibu kwa Kichina. "Habari. Mimi ni mzima. Na wewe hujambo?"

"Hallo? Mpiga Pasi, hii simu umepiga wapi?"

"Kwake! Si namba yake hiyo hapo?" Mpiga Pasi alisikika kwa mbali.

"Mbona Mchina ndiye anaongea?"

"Basi Mchina kapokea, labda kaiacha mahali. We ongea tu, huenda anajua kidogo."

Honi alikohoa. Kikohozi kilichukua muda, na watu saba walikisikiliza chote hadi mwisho.

"Dada," akasema, kwa ile adabu ya mtu aliyefika mlango wa watu asiowajua. "Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba. Namtafuta binti yangu, yuko hapo kwenu. Mrefu, ana mwanya. Ukimwona mwambie kesho asubuhi wananipasua. Wanalitoa koromeo zima, dada. Daktari kasema sauti ndiyo basi, haitarudi. Sasa mwambie... nilitaka aisikie mara ya mwisho ikiwa bado ipo. Na mimi nimsikie akiniita. Hakuna zaidi. Mitihani amalize, asije akahangaika."

Kasuku alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lilikuwa neno fupi kuliko yote, la kwanza alilowahi kusema, na kulitamka hakuhitaji hata ulimi, midomo tu kukutana mara mbili. Kalamu ya Kiranja ilikuwa hewani. Doa moja, wawe sawasawa na Tai. Siku mbili zimebaki.

"Leo hali ya hewa ni nzuri," alisema Kasuku kwa Kichina. Ilikuwa sentensi ya somo la nne. "Asante sana. Karibu tena."

"Mjibu mama yako, wewe!"

Alikuwa Redio. Aliisema kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti yote aliyokuwa ameikunja kwa wiki nane, na ngazi ikamponyoka. "Mjibu! Una moyo au una jiwe? Mnatazama nini nyote? Yule ni mama wa mtu!"

"Sijaelewa, dada, lakini asante," ilisema simu, maana ule upepo haukuwa umesikia kitu zaidi ya kelele. "Una sauti nzuri. Mungu akutunze."

Redio aliipora simu. "Mama! Mama, shikamoo, yupo, yupo hapa hapa, usikate, mama..."

Ilikuwa imeshakatika. Redio alisimama na simu mkononi, kibao kikipanda na kushuka kifuani. Kiranja alisogea mlangoni, akahesabu maneno kwa kichwa, kisha akaona haina haja, akatia doa moja kubwa mbele ya jina la Redio. Tai akapanda tena ngazi. Baada ya muda mtu mmoja aliuliza kwa Kichina, gundi iko wapi.

Ijumaa Mwalimu aliita majina mbele ya wageni. Nafasi ya mwaka mzima ilikwenda kwa Kasuku. Wakampigia makofi, na Tai akampa mkono uliolegea kama kamba iliyolowa. Kiranja, kwa fahari, alimkabidhi Mwalimu kile kibao kama kumbukumbu. Mwalimu alikigeuzageuza, akasifu mwandiko wa brashi, akauliza kama kwao watu huvaa mapambo ya namna ile siku za furaha. Hakuna aliyejua aanzie wapi. Akakivaa shingoni, akapigwa nacho picha akiwa katikati yao, chupa yake ya maji kwapani. Kisha akakitundika kwenye kabati la vioo, rafu ya utamaduni wa wageni.

Kasuku alimfuata ofisini kumshukuru. "Nimejitahidi sana na ahadi, Mwalimu. Madoa mawili tu."

"Madoa gani?"

"Kwenye karatasi. Anazoleta Kiranja kila Ijumaa."

Mwalimu alifungua droo, akazitoa karatasi saba zilizobanwa pamoja kwa unadhifu. "Hizi? Nilidhani ni zamu zenu za usafi." Akacheka, kwa upole kabisa. "Nafasi hutolewa kwa mtihani, binti. Wako ulikuwa wa juu tangu wiki ya tano. Jina lako nililipeleka mwanzoni mwa mwezi. Nilikaa kimya tu, usije ukalegea."

Kasuku aliinamisha kichwa kama walivyofundishwa, akatoka akiwa ameuacha mlango wazi.

Jumamosi alipiga simu. Mpiga Pasi ndiye aliyepokea. "Ee, mwanangu! Mama yako katoka salama, ila kuongea ndiyo tena, basi. Ana tundu hapa shingoni, anapumulia hapo. Tulikupigia Jumatano! Akapokea Mchina mmoja, binti ana adabu huyo, mama yako akampa salamu zako zote. Hakukuambia?"

Korido ilikuwa tupu. Ahadi ilikuwa imekwisha. Kasuku angeweza kusema lolote kwa lugha yoyote.

"Hakuniambia," alisema.

Kwenye ndege alikaa karibu na Redio, akamrudishia blanketi, akajaribu kuanzisha mazungumzo mara tatu. Redio alitazama dirishani safari nzima. Redio ilikuwa imezimwa.

Wiki sita Kasuku alimuuguza mama yake. Alisafisha lile tundu kwa pamba na maji ya chumvi, alimkorogea uji mwepesi, alijifunza maana ya kila ishara ya mkono wake. Honi hakuwa na herufi za kuandika, hivyo mikono ilikuwa yote aliyobakiwa nayo. Kila mgeni aliyekuja alimwomba Kasuku aseme Kichina, na kila mara alijibu kwamba amekichoka. Asubuhi aliwaza kumwambia mama yake ukweli, jioni akajikuta bado anapanga sentensi ya kwanza. Yeye, aliyekuwa na sentensi za kila kitu.

Wiki ya saba Honi alirudi kazini, kwa kazi nyepesi ya kukunja. Kengele mpya ilikuwa imefungwa ukutani. Siku mbili kabla ya safari ya mwaka mzima, Kasuku alikwenda kuwaaga wanawake wa chumba cha kufulia. Mashine zilikuwa zimepumzishwa kati ya zamu mbili. Alimkuta mama yake ameshika ncha mbili za shuka, hana wa kushika nyingine, akazishika yeye. Shuka hukunjwa na watu wawili: mnanyoosha, mnakutanisha, mnaendeana, mnapeana ncha mkono kwa mkono. Walikuwa wamekunja hivyo pamoja tangu Kasuku ana miaka sita.

"Haya, mwanachuo!" alisema Mpiga Pasi, akiegemea meza yake. "Leo huchomoki. Miezi yote huku unatunyima. Hebu msemee mama yako Kichina, maana ndiyo alikusomeshea."

"Shangazi, niache bwana."

"Sikuachi. Anaringa huyu! Semeni jamani, aseme asiseme?"

"Aseme!" walijibu wanawake wote, na Honi, kwa tundu lake la shingoni, alitoa ule mluzi mdogo ambao sasa ndio uliokuwa kicheko chake. Akatikisa shuka kumhimiza.

Kasuku alihesabu moja hadi kumi, haraka, kwa sauti ya chini.

"Aka! Kuhesabu hata kasuku wa kweli anaweza. Sentensi! Sema sentensi nzima, kama ulivyokuwa unaongea na wenyewe!"

Alijua maelfu ya maneno. Alijua mashairi na hotuba. Alitafuta sentensi nyingine, yoyote ile, lakini ulimi uliozoea kuiga hupita njia uliyopita mara ya mwisho ukiwa na hofu.

"Leo hali ya hewa ni nzuri," alisema Kasuku kwa Kichina. "Asante sana. Karibu tena."

Wanawake walipiga vigelegele. "Eh! Kama yule yule Mchina wa simu!" Mpiga Pasi alisema, akicheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani.

Honi alikuwa amesimama. Mluzi umekoma. Alimtazama binti yake, mdomo wa binti yake, kwa muda ambao ungetosha kukunja mashuka matatu. Kisha akaja mbele kama kazi inavyotaka, akazikutanisha ncha zake na za Kasuku, akalichukua shuka, akalimalizia peke yake juu ya tumbo lake na kuliweka kwenye rundo.

Akavuta shuka jingine kutoka kwenye kikapu. Kasuku alinyoosha mikono kupokea. Honi alimpita, akatembea hadi kwenye meza ya pasi, na ncha mbili akampa Mpiga Pasi.